Simba Aliyedai Feni

Mkwe haamshwi. Anayebisha akajaribu kwake, halafu aje atusimulie mkewe alimwambia nini.

Mimi ni mkalimani wa kuungaunga. Kiingereza changu nilikipata kwenye kazi ya kuendesha watalii Serengeti, kabla mgongo haujagoma na zile barabara. Basi walimu wa klabu za mazingira za shule kadhaa za sekondari walipopanga mazungumzo ya mtandaoni na Wazungu waliotengeneza filamu ya simba, jina langu ndilo lililopita. Wenyewe wako Bristol, Uingereza, mji ambao BBC iliweka kitengo chake cha filamu za wanyama mwaka 1957, na watu wa kazi hiyo wamejaa huko mpaka leo. Tukakubaliana saa tano asubuhi ya kwao. Ilikuwa Februari, kwa hiyo kwetu saa nane mchana.

Sasa piga picha: saa nane mchana, Februari, Tabata, Dar es Salaam. Baba mkwe, aliyekuja kutoka Tabora kutibiwa goti, ameshamalizana na sinia la pilau na ndizi za kuteremshia, kajilaza kwenye kochi la sebuleni, vifungo vya shati wazi, feni inampuliza. Chumbani watoto wanagombana. Jikoni Mama Neema na jirani wanamjadili mtu. Na mtandao kwangu unashika sebuleni tu, pale dirishani, hatua mbili kutoka kwenye kochi. Nikavuta stuli, simu nikaiegemeza kwenye jagi la maji, bando limejaa, maiki wazi. Mkalimani akifunga maiki anamtafsiria nani?

Feni yenyewe ni ya zamani, inanguruma. Siku hiyo ilikuwa inanisitiri na sina habari.

Tukaanza vizuri tu. Mpiga picha, jamaa mrefu ambaye paji la uso halikuenea kwenye skrini, akaeleza kwamba simba anaweza kulala na kujinyoosha hadi saa 20 kwa siku, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kukaa garini akimwangalia mwenzake akilala. Usiku wanatumia kamera inayoona joto la mwili, hakuna kuwasha taa. Wanafunzi wa Mugumu, ambao hifadhi ni jirani yao, hawakushtuka sana. Mmoja akauliza kama mle garini kulikuwa na choo. Nikatafsiri. Jibu lilikuwa chupa.

Kisha akaja dada wa sauti, na huyo ndiye aliyewakamata watoto. Akasema lenzi inafika mbali ila maiki haifiki. Simba yuko ng'ambo kule, kwenye picha unaona hadi nzi waliomtua puani, lakini sauti unayopata ni upepo na tumbo la dereva. Kwa hiyo sauti nyingi za kwenye filamu hurekodiwa siku nyingine, au hutengenezwa studio. Pigapiga glovu za ngozi, ndege karuka. Minyaminya kifuko cha konflawa, mtu anakanyaga theluji.

“Kumbeee!” shule nzima moja ikaitikia.

“Sasa nitawaonesha picha ilivyotoka kwenye kamera,” akasema, “kabla hatujaigusa. Kimya kabisa.”

“Kimya kabisa,” nikatafsiri.

Umeme ukakatika.

Feni ikazunguka mizunguko yake ya mwisho, ikasimama. Kwenye simu akatokea dume mkubwa, kalala juu ya jabali, tumbo linapanda, linashuka. Na nyuma yangu ikaanza. Mwanzo kidogo kidogo, kisha ikakolea: mkoromo wa mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, na mwishoni kijifilimbi.

Ubaya ni kwamba ilioana. Tumbo la simba likipanda, mkwe anavuta. Likishuka, kijifilimbi. Hata ungemlipa fundi asingepatanisha vile. Yule dada akavua hedifoni, akazitazama, akazivaa tena.

Nikakimbilia kitufe cha kufunga maiki. Kiko chini kushoto, na kioo changu kina ufa chini kushoto, hapo hapo, kidole hakipokelewi. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nikabonyeza kwa ukucha. Nikalamba kidole nikabonyeza. Badala yake nikarusha kile kialama cha kupiga makofi, na wanafunzi wakadhani ndiyo utaratibu, na wao wakarusha makofi. Skrini ikajaa viganja, simba katikati, anakoroma.

Mama Neema akachungulia mlangoni. Nikamfanyia ishara zote ninazozijua: nikaonesha kochi, nikaonesha sikio, nikashika koo. Akamtazama baba yake alivyopumzika, uso ukamlainika, akaniwekea kidole mdomoni nisipige kelele, akaufunga mlango polepole.

“Mwalimu,” mtoto mmoja wa Mugumu akasema, “huyo si simba. Huyo ni mtu aliyeshiba.”

Ningeweza kuikata simu. Lakini malipo yangu yalikuwa baada ya kikao, na Neema alikuwa anadaiwa ada. Nikabaki nimeinamia jagi, jasho linatiririka, namwomba Mungu arudishe umeme.

Pale jabalini dume akainua kichwa. Akakunja pua, akafunua mdomo wote, meno nje, akapiga mwayo mrefu wa kifalme. Na kwenye mdomo huo huo, kwa sauti nzito yenye lafudhi ya Kinyamwezi cha Tabora, ikatoka:

“Nani kazima feni?”

Sijawahi kusikia kicheko cha shule nne kwa wakati mmoja. Mwalimu mmoja alitoweka kwenye picha, nadhani alianguka kwenye kiti. Wale wa Bristol wakawa wanatabasamu tu, hawajui kinachoendelea, mpaka mpiga picha akaniuliza kwa adabu: samahani, alisema nini?

Mkalimani hachagui maneno. Nikamwambia simba anauliza nani kazima feni.

Baba mkwe akawa ameshakaa. “Baba Neema, unacheka na nani?”

“Shikamoo, baba. Wageni, wako Uingereza.”

“Marahaba. Wasogeze niwaone.”

Yule dada wa sauti alipoelewa, hakucheka kama wengine. Macho yalimwaka. Akasema ametafuta pumzi ya namna ile muda mrefu, na kama mzee hatojali, angeomba kuirekodi vizuri, akiwa amelala. Nikatafsiri, nikiutazama mkeka.

Mkwe akavaa miwani, akamkagua simba kwa makini.

“Waulize, huyu walimlipa ngapi?”

Nikauliza. Wakasema simba halipwi, ila wao walilipia kibali na kiingilio cha hifadhi, kila siku waliyoingia.

“Aa,” mkwe akasema, akijilaza tena na kufunga macho. “Basi waambie hapa napo pana kiingilio. Wazungumze na wewe.”