Ukitendewa vibaya kwenye kikundi chetu, unampigia nani?

Mikutano ya wanaprogramu hapa Berlin ina dakika chache ambazo huwa zinanichosha. Kabla ya mada yoyote, mwandaaji anasimama kusoma kanuni za maadili: usimguse mtu asiyetaka kuguswa, usimpige picha aliyevaa kamba ya kitambulisho ya rangi fulani, usimcheke anayeuliza swali la mwanafunzi. Zilezile kila mwezi, kwa watu walewale, na nusu yao macho yako kwenye simu. Halafu anamalizia: ukipata tatizo, mwone huyu au yule. Watu wawili wanasimama waonekane. Na tatizo likiwa ni mimi mwenyewe, anasema, waone haohao, na mimi sitakaa kwenye kikao cha kulisikiliza.

Hiyo ya mwisho sijawahi kuisikia nyumbani Tanzania. Hata mara moja.

Vikundi vyetu vya teknolojia mnavijua. Kaka mmoja mwenye moyo anaanzisha. Ndiye admini wa kundi la WhatsApp, ndiye anayejuana na mwenye ukumbi, ndiye anayeandika maombi ya ufadhili, na kijana anayetafuta kazi anapita kwake kwanza. Nampa heshima yake, maana anatoa jioni zake na nauli yake bila malipo. Lakini binti wa mwaka wa kwanza akianza kutumiwa meseji saa sita usiku na huyohuyo anayemfundisha Python, lugha ya kuandikia programu, alalamike kwa nani? Namjua mmoja yaliyomkuta. Alimwambia dada aliyemtangulia kwenye kikundi, akajibiwa usikuze mambo, kaka anakutania tu. Akaacha kuja. Hakuna aliyeuliza yuko wapi, na baadaye nikasikia watu walewale wakisema wasichana hawapendi kompyuta.

Najua mtakachosema. Dada kapanda ndege, kala baridi kidogo, sasa anatuona washamba. Sivyo. Kazi hii nimejifunzia nyumbani, na mikono iliyonishika ni ya nyumbani. Huku mtu anaweza kuhudhuria mwaka mzima asisalimiwe na jirani yake wa kiti. Kwetu mgeni anasogezewa kiti, anaunganishwa intaneti kwa bando la mwenzake, na asiye na laptopu anakaa pembeni ya mwenye nayo mpaka jioni. Ukarimu ule haukuandikwa popote na siutaki upotee. Ninaudai ulinzi, basi, kwa wale tunaowakaribisha.

"Hayo ni mambo ya Wazungu." Wazungu gani? Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaojengwa na watu wa nchi nyingi, ilianza mwaka 1991, na kwa miaka mingi matusi kati ya watengenezaji wake yalihesabiwa kuwa ndiyo ukali wa kazi. Ni Septemba 2018 tu ambapo mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliomba radhi hadharani, akakaa pembeni kwa muda, na mradi ukapokea kanuni za maadili ziitwazo Contributor Covenant, zilizokuwapo tangu 2014. Ubuntu, mradi mwingine uliojengwa juu ya Linux na ulioanzishwa na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, ulikuwa na kanuni zake miaka mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo tusiwape Wazungu sifa ambayo si yao.

Tena karatasi yenyewe ya kanuni vikundi vyetu vingi vinayo! Tangu mwaka 2012 Python Software Foundation, taasisi inayosimamia lugha ya Python, iliamua kutofadhili kongamano lisilo na kanuni za maadili, na wafadhili wengine nao wanaziulizia. Basi tunanakili, tunabandika, tunatuma ombi. Imebaki Kiingereza kama ilivyokuja, haijasomwa mbele ya wanachama, na chini kabisa kuna barua pepe ya kupokea malalamiko ambayo anaifungua kaka yuleyule. Hapo ndipo naishiwa uvumilivu, kwa sababu mfadhili anaridhika na binti bado hana pa kwenda.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi hii tunaijua. Mama zetu kwenye kikoba wana sanduku la kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo wanachama watatu tofauti ambao si viongozi. Katiba wanaisoma kwa sauti. Ukichelewa faini, simu ikilia kikaoni faini, na mwenyekiti analipa kama wengine. Hawajaambiwa wamekuwa Wazungu, na hawajaambiwa kwamba kufuli linamtukana mwenyekiti. Wasomi wenye shahada za kompyuta tunashindwaje kufanya kwa heshima ya mtu kile mama anachokifanya kwa shilingi elfu mbili?

Mwingine atasema sheria ipo. Ipo kweli, ile ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na inagusa pia unyanyasaji wa kingono. Mwenye kosa kubwa apelekwe polisi. Lakini kuna meseji za usiku, kuna vicheko kila msichana akishika kipaza sauti, kuna mkono unaosahaulika begani mwa mtu. Binti wa miaka 19 hatakwenda kituoni kwa hayo. Ataondoka, na wanaoondoka hivyo hawaagi.

"Ukiweka masheria kwenye kitu cha kujitolea, watu watakimbia." Wameshakimbia. Mnawahesabu waliobaki tu.

Ninachoomba kinaingia ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Wapokea malalamiko wawe watatu, mmoja awe mtu wa nje kabisa ya kikundi: mwalimu, mwanasheria, mama anayeheshimika mtaani. Mwanzilishi asiwe mmoja wao. Anayelalamikiwa asikae kwenye kikao hata kama ukumbi ni wake. Adhabu ziandikwe kuanzia onyo mpaka kutolewa, na majina ya watatu hao yasomwe kila mkutano, hata kama watu wamechoka kuyasikia.

Kuna aliyeniuliza namba ya simu ya kupokea malalamiko isajiliwe kwa jina la nani, maana laini zetu zinataka kitambulisho cha taifa cha NIDA na alama za vidole vya mtu mmoja. Isajiliwe kwa jina la yule wa nje, na simu akae nayo yeye.