Dari Likishafungwa, Nani Ataona?

Julai iliyopita, kwenye baridi ile ya Moshi, niliitwa nyumba moja maeneo ya Majengo. Hita ya bafuni ilikuwa inakata breka kila mara. Fundi aliyetangulia alisema breka ya ampea 25 ni ndogo, akaweka ya 40. Kukata kukapungua. Wiki mbili baadaye ikaanza harufu ya plastiki inayoungua. "Mwanangu, nyumba haijamaliza hata miaka miwili," mama mwenye nyumba akaniambia.

Nikafungua kisanduku cha breka. Nyaya zimesokotana kama nywele zisizoona kitana. Waya wa kijani na njano, ambao ni wa eathi, yaani wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, umebebeshwa umeme wenyewe. Waya wa hita umebanwa nusu: nyuzi chache za shaba ziko chini ya skrubu ya breka, nyingine zimechomoza pembeni, na ganda lake limeshakuwa jeusi.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu wanaosema unadhifu ni wa kupigia picha, ati dari likishafungwa nani ataona. Tupige hesabu. Hita ya wati 4,600 kwenye volti 230 inavuta ampea 20. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, kinatoa joto la wati 40, yaani ni kama umewasha balbu ya zamani ndani ya kisanduku cha plastiki na kukifunga. Breka ile ya kwanza ilikatwa na joto hilo. Ilikuwa inatuambia ukweli, tukainyamazisha kwa kuweka kubwa.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi: kata kipande kilichoungua, menya, sokota nyuzi zote, kaza. Kufuatilia waya upi unakwenda wapi kulinila karibu saa tatu.

Nakubali, kazi ya kupendeza inaweza kudanganya. Nimeona lipu laini kama kioo imepigwa juu ya nguzo ambayo zege lake halikushindiliwa, ndani matundu matupu. Huo siuiti unadhifu, ni kuficha. Wazee waliochimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kwenye miteremko ya Kilimanjaro walilijua hili: mfongo ukiinama sana maji yanakula kingo, ukilala sana matope yanaujaza. Ulipimiwa mteremko wake ili maji yafike shambani, na uzuri wake ulitokana na hapo.

Kile kisanduku nilikipanga upya chote, waya wa eathi nikaurudisha kwenye kazi yake, breka nikairudisha ya 25. Kando ya kila breka nikaandika kwa kalamu nene: hita, pampu, soketi za jikoni, taa za nje. Mama akasogea, akasoma moja moja kwa kidole.

"Kumbe hii ndiyo ya hita? Ningeijua siku ile ya harufu, ningeizima mwenyewe."