Itoeni kodiani kabatini

Binti mmoja wa skuli, anayejifunza kodiani (accordion) katika klabu moja ya taarab hapa Mjini Unguja nisiyotaka kuitaja, aliomba kuichukua nyumbani wakati wa likizo. Akajibiwa kwamba haiwezekani, kodiani ni mali ya klabu. Ikarudishwa kabatini, kabati likapigwa kufuli, ufunguo akaondoka nao mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo akasafiri kwenda Pemba. Likizo ikaisha hivyo.

Imeniuma sana. Vikao vyetu vyote vya watu wa taarab huishia kwenye kilio kilekile: vijana hawataki tena kujifunza ala, vijana wanataka kubonyeza kinanda cha umeme na kulipwa usiku huohuo. Haya, huyu alitaka. Alikuja kila jioni ya mazoezi, akakaa nyuma ya wazee na kusubiri wapumzike ndipo apewe robo saa yake. Tukamfungia kabati.

Mjumbe mmoja wa klabu hiyo alinieleza kwa upole kwamba binti anacho kinanda cha umeme kwao, afanye mazoezi kwenye hicho, vibonyezo ni vilevile. Hapa ndipo nilipojua kuwa tatizo ni kubwa kuliko kufuli. Vibonyezo si vilevile hata kidogo, na mtu aliyekaa miaka katikati ya taarab anapaswa kulijua hilo.

Katika taarab yetu mkono wa kushoto wa mpiga kodiani hauna shughuli kubwa na vitufe vya besi. Besi ipo, ina mtu wake, imesimama nyuma kule. Kazi ya mkono wa kushoto ni pumzi: mvukuto. Sauti ipande wapi, ishuke wapi, ianze kwa kunong'ona au kwa kishindo, inyamaze ghafla au ififie, yote hayo yanaamuliwa na kifundo cha mkono wa kushoto. Vidole vya kulia vinataja sauti tu. Mzee aliyenikalisha mimi mara ya kwanza hakunifundisha wimbo. Alinivisha mikanda, akaniambia nibonyeze sauti moja, moja tu, nifungue mvukuto mpaka mwisho wake, na sauti ile isitikisike. "Mwanangu, usiivute," akasema. "Ifungulie, itakuja yenyewe." Nikavuta, sauti ikayumba. Nikarudia. Akaniacha nayo jioni nzima huku wenzangu wanapiga bashrafu, ule muziki wa ala tupu usio na mwimbaji.

Baadaye ndipo akanionyesha mahali pa kupindua. Mvukuto ukifika mwisho lazima urudi, na pale unaporudi sauti hukatika kidogo. Ukipindua ovyo unaukata ubeti wa mwimbaji katikati. Kwa hiyo unapindua pale mwimbaji naye anapochukua pumzi, na hilo halisomeki kwenye karatasi, kwa sababu kila mwimbaji ana pumzi yake na usiku wa leo si wa jana. Unamsikiliza. Anapomaliza mstari, fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na kodiani mnaingia na jawabu, na kama umebakisha nafasi kwenye mvukuto, jawabu lako litaingia na nguvu. Kama umeimaliza, utaingia unahema. Kinanda cha umeme hakina pumzi ya kuisha. Mtu akijifunza humo mwaka mzima, siku akivaa kodiani atakuwa hajui nusu ya kazi, tena ile nusu ngumu.

Sasa tuje kwenye hoja ya mali, maana ndiyo inayotajwa kila mara. "Tunaitunza." Mimi nasema hamuitunzi, mnaiua, na nina uhakika kwa sababu nimeziona zikifunguliwa.

Chukueni kodiani kubwa ya kawaida, yenye vibonyezo 41 na safu nne za vilimi. Katika kila safu, kila sauti ina kilimi cha kuvuta na kilimi cha kusukuma. Pigeni hesabu: upande wa kulia peke yake kuna vilimi 328, vijipande vyembamba vya chuma. Vimeshikizwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu. Juu ya vilimi vingi kuna kijiulimi cha ngozi kinachozuia upepo usipotee. Mvukuto wenyewe ni karatasi ngumu, kitambaa na ngozi. Sasa kiwekeni chombo hicho katika nyumba ya Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa zinazotoka jasho wakati wa masika, bahari hatua chache kutoka hapo, ndani ya kabati lisilopitisha hewa. Chuma kinashika kutu. Ngozi inajikunja. Ukungu unaingia kwenye mikunjo ya mvukuto.

Niliwahi kushika moja iliyotoka kabatini baada ya kukaa muda mrefu. Kwa nje inang'aa, imefutwa vumbi vizuri. Nikabonyeza, nikavuta, ikalia. Nikasukuma, kibonyezo kilekile, kimya. Kilimi cha kusukuma kimekufa, cha kuvuta kizima. Kibonyezo cha pili, kinyume chake. Cha tatu kikakoroma kama mtu mwenye mafua. Fundi alipolegeza pini na kuutenganisha mvukuto, harufu iliyotoka ilikuwa ya godoro bichi, na vilimi vilikuwa na madoa ya rangi ya chai. Hakuna mtoto aliyeivunja hiyo wala mwanafunzi aliyeiangusha. Iliharibika ikiwa imefungiwa, salama salimini, ufunguo mfukoni mwa mtu mzima.

Kodiani inayopigwa kila siku inapitisha hewa kila siku. Anayeipiga anasikia sauti ya kwanza inapoanza kukwama na anasema mapema, kabla kutu haijaenea. Iliyofungiwa haina wa kuisemea.

Huko County Clare, magharibi ya Ireland, wana konsetina, mdogo wake kodiani, chombo cha pembe sita kinachoshikwa kwa mikono miwili na kutosha mapajani. Kwa hali ya hewa wale hawana nafuu kuliko sisi, mvua yao haiishi. Lakini konsetina ilikuwa ikiwekwa jikoni, katika kijishubaka ukutani karibu na moto, ili isipate unyevu. Fikirini maana yake. Mahali pakavu kuliko pote ndani ya nyumba ndipo pia mahali ambapo mama yupo, watoto wapo na jirani anaingia kuota moto. Ndiyo maana kule konsetina ilijulikana sana kama ala ya wanawake, na nyimbo zikapita kutoka bibi kwenda kwa mjukuu bila kumuomba mtu ufunguo. Leo kila Julai watu humiminika Miltown Malbay kwa wiki ya masomo, jambo lililoanza mwaka 1973, na madarasa ya konsetina hujaa watoto. Watoto hao wamekuja na konsetina zao mikononi, na wanarudi nazo nyumbani. Mwalimu wa wiki moja hawezi kumjenga mpigaji; kinachomjenga ni miezi mingine yote ambayo chombo kipo karibu na kitanda chake.

Nasi tulikuwa na namna yetu. Taarab za kwanza za hapa kuingia kwenye santuri, zile Siti binti Saad alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zilipigwa kwa udi na fidla. Kodiani ilikuja baadaye, klabu zetu zilipojaza safu zao kwa mfano wa okestra za Misri. Nani aliwafundisha wa mwanzo kuipiga? Klabu ziliwafundisha, kwa kukaa pamoja kila usiku. Ikhwani Safaa tangu 1905, Culture tangu 1958, hizo ndizo zilizokuwa skuli za muziki kabla hatujawa na chuo. Na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipoanza kufundisha mwaka 2002 pale kwenye jengo la forodha ya zamani, kilithibitisha kwamba watoto wa hapa wanaipenda kazi hii wakipewa ala mkononi. Kundi la kina mama la Tausi, la Bi Mariam Hamdani, nalo limeshamaliza ubishi kuhusu mwanamke na ala. Kwa hiyo yeyote anayenong'ona kwamba binti asipewe kodiani kwa sababu ni binti, simjibu.

Nakubali jambo moja, na silikubali kwa furaha. Kodiani ni ghali, nzito karibu kilo kumi kwa zile kubwa, na ziko klabu zilizoazima vyombo visirudi. Mzee aliyeibiwa mara moja ana haki ya kuogopa. Lakini hofu hiyo ina dawa zake za kawaida kabisa: mzazi aje aandike jina lake, mjumbe mmoja amdhamini mtoto, kodiani irudi klabuni kila jioni ya mazoezi ili wote waione na waisikie. Mtoto aelezwe asiiache ndani ya gari juani, maana nta italainika na vilimi vitang'oka mahali pake. Aelezwe aisimamishe juu ya vijiguu vya kodiani yenyewe, asiilaze. Mtoto anayeaminiwa kuchota maji, kulea mdogo wake na kubeba msahafu kwenda chuoni, kodiani haiwezi kumshinda.

Wapo pia wanaosema kwamba kodiani haiwezi kupiga sawasawa Rasti wala Bayati, zile maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) zenye robo sauti; ni kweli kwa ile ambayo haikurekebishwa, na ndiyo sababu zaidi ya kuwa na fundi wa kuchonga vilimi vyake. Hijazi na Nahawandi, maqamu zisizohitaji robo sauti hizo, zinamtosha mwanafunzi kwa miaka.

Hapo kwenye fundi ndipo ninapowaomba ndugu zetu wa Muscat, Dubai na London, wanaokuja sikukuu na moyo mzuri wa kuchangia. Kila mara mnatuletea kodiani mpya inayong'aa, tunapiga picha, tunapiga makofi, na masika mawili baadaye nayo iko kabatini imenyamaza. Safari hii msilete kodiani. Leteni nta, ngozi za vilimi, vilimi vya akiba na kipima sauti. Bora kuliko hivyo vyote, mlipieni kijana mmoja fundi wa mbao au wa redio, mwenye mkono mtulivu, akakae miezi kadhaa kwenye karakana ya kutengeneza kodiani, kisha arudi afungue meza yake hapa Mjini. Nikisikia mtu ameanza kukusanya michango ya jambo hilo, jina langu liandikwe la kwanza.