Kasri Lilimpa Nini Sofonisba?

Ukingoni mwa ubao wa sataranji uliochorwa kwenye picha moja ya zamani kuna maandishi madogo ya Kilatini: Sofonisba, binti Amilcare, amewachora dada zake watatu na mtumishi wao, 1555. Lucia anatukazia macho, Minerva ameinua mkono kama anayetaka kubisha, na Europa, mdogo wao, anacheka. Yule mama mtumishi anachungulia pembeni. Sofonisba Anguissola wa Cremona, Italia, alikuwa na miaka ishirini na ushee, na zama hizo mtu akichorwa alinuna.

Mwaka 1559 akaitwa Uhispania awe mwandani wa Malkia Elisabeth, mke wa Mfalme Felipe wa Pili, na amfundishe kuchora. Ubishi unaanzia hapo.

Wanaoona kasri lilimfaa wana hoja nzito. Binti wa ukoo wa heshima asingefungua karakana agombanie bei na wateja. Mfalme alimpa posho, na alipoolewa mwaka 1573 akamtolea mahari (kule zama hizo mahari ilitoka upande wa bibi harusi).

Ila mwandani wa malkia hauzi picha, na kazi zake za Uhispania ni nadra kuwa na jina lake. Picha ya Felipe iliyoko Prado, jumba la makumbusho la Madrid, rozari mkononi, ilipata kuhesabiwa kuwa ya Alonso Sánchez Coello, mchoraji wa mfalme. Mtazame Lavinia Fontana wa Bologna, binti wa mchoraji: alichora kwa malipo, akatia jina lake, mumewe akawa msaidizi. Alizaa watoto 11, waliobaki hai hadi kumzika ni watatu tu. Uhuru wake nao haukuwa wa bure.

Mimi naona kasri lilimtunza mtu, likambana mchoraji. Kile kicheko cha Europa sikioni Madrid. Simlaumu yeye, maana hata wanaume wa kasri lile walichora watu wakavu, ndivyo mfalme alivyopenda. Lakini wao angalau walijulikana kwa kazi hiyo.

Jicho lake halikufa, hata hivyo. Julai 1624, huko Palermo, Anthony van Dyck, mchoraji kijana wa miaka 25, alimkuta Sofonisba, sasa bibi wa miaka tisini na kitu, macho yamefifia. Akaanza kumchora. Bibi akamwelekeza: mwanga usitoke juu mno, vivuli visije vikakolea kwenye makunyanzi.