Mji Ulio Nyuma ya Bibi Harusi

Fundi anayenihamishia mkanda wetu wa zamani wa VHS kwenye flashi alinipigia simu saa nne asubuhi. Mkanda umekubali, akasema, tena picha imetoka vizuri kuliko alivyotegemea, ila kuna sehemu mbili hazina kitu. Ya kwanza ni kama dakika 11, barabara tu na magari yanapita. Ya pili ni fupi, mpiga video alisahau kuzima kamera. "Nikukatie, ibaki harusi yenyewe?" Aliuliza kwa nia njema kabisa. Wateja wake wengi ndivyo wanavyotaka: bibi harusi aingie, keki ikatwe, zawadi zitolewe, basi.

Nilimwambia asikate hata sekunde. Nadhani nilisema kwa ukali, maana alinyamaza kidogo kabla ya kunijibu "sawa, kaka". Nilimwomba radhi. Lakini tangu siku hiyo jambo hili limekaa kifuani, na ndiyo sababu ninaandika. Ninaamini kwamba zile sehemu tunazoambiwa hazina kitu ndizo zenye Dar es Salaam ndani yake, na kwamba tunazikata kila siku, duka kwa duka, bila kujua tunatupa nini.

Mkanda wenyewe ni wa harusi ya mama mdogo, Agosti 1992. Alitokea nyumbani kwetu Magomeni, na sherehe ilikuwa Anatoglo, pale Mnazi Mmoja. Mpiga video alipanda nyuma ya pikapu iliyotangulia msafara, akaelekeza kamera kwenye gari la maharusi. Kwa hiyo muda wote katikati ya picha iko Peugeot 504 nyeupe yenye riboni, inayumba kila pikapu inapoingia shimoni. Na kushoto na kulia kwake, bila mtu yeyote kukusudia, unapita mji.

Pale Magomeni Mapipa nyumba za Kiswahili zimeikaribia barabara kiasi kwamba milango ikiwa wazi unaona ukumbi wote hadi mwanga wa uani. Barazani wazee wanacheza bao. Mmoja ananyanyua kichwa, anapunga mkono, anarudi kwenye kete zake kabla gari halijamaliza kupita. Fundi cherehani anaacha kukanyaga pedali. Muuza kahawa ameshika birika mkono mmoja, mkono wa pili anagonganisha vikombe. Honi zimezidi, mlio wa vikombe hausikiki, lakini vidole vyake unaviona vikicheza na sauti unaisikia kichwani. Nyuma ya gari wanakimbia watoto. Mmoja wao ni mimi, nina miaka 7, nimevaa kaptula ya shule siku isiyo ya shule. Nakimbia mpaka barabara inapoanza kuteremkia bondeni, hapo tunasimama wote, kwa sababu Jangwani ndipo ulipoishia ulimwengu tulioruhusiwa kwenda peke yetu.

Kisha bonde linafunguka. Viwanja vya vumbi, vijana wanacheza mpira na hawageuki hata kidogo kuangalia harusi. Basi la UDA, shirika la usafiri la mji, linaupita msafara likiwa limeinama upande wa mlango, watu wananing'inia. Mtu wa baiskeli kabeba magunia mawili ya mkaa, anasukuma kwa miguu anapanda kuelekea Fire, penye kituo cha zimamoto, na gari la maharusi linampita polepole hivi kwamba kwa sekunde kadhaa yeye na bibi harusi wako bega kwa bega, na yeye anamtazama bibi harusi, anatabasamu. Halafu miti ya Mnazi Mmoja, halafu ukumbi. Dakika 11.

Njia hiyo leo naipita kwa Mwendokasi. Mabasi yale yalianza Mei 2016, na siku yakienda vizuri ninafika mjini nikiwa sijatoa jasho. Simtakii mwanangu aning'inie mlangoni kama wale wa UDA. Mvua kubwa zikinyesha, Jangwani panajaa maji na barabara inafungwa, kwa hiyo bonde lile lingali na amri yake hata sasa. Ila kutoka dirishani mwa Mwendokasi huoni baraza. Njia ya mabasi iko katikati, vituo viko katikati, na pembeni ni fremu za maduka. Mtu wa barazani aliyekuwa umbali wa mkono sasa hayupo, na anayepita hapungiwi mkono na mtu.

Ninavyofahamu historia yetu, mikanda kama huu ina uzito ambao hatujaupima. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzo wa miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara tulisubiri mpaka 1994. Hesabu mwenyewe: tangu uhuru, miaka 33 bila kituo hata kimoja. Sauti zetu zilihifadhiwa na Radio Tanzania. Picha zinazotembea zilikuwepo, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa 1968, lakini kamera ya serikali kwa kawaida ilimfuata kiongozi: anashuka kwenye ndege, anakagua gwaride, anafungua kiwanda. Kamera ya kwanza kuingia uchochoroni kwetu, ikapita kwenye ukumbi wa nyumba ya kupanga ikatokea uani penye masufuria, ilikuwa ya mpiga video wa harusi. Enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, deki na kamera zilipoanza kuingia kwa wingi, ndipo mitaa ya kawaida ilipoanza kuonekana ikitembea. Mpiga video alikodiwa amfuate bibi harusi. Bibi harusi akamleta Magomeni.

Kabla ya hapo walikuwepo wenye kamera za Super 8, zile Kodak walizozitoa 1965. Hapa Dar wengi wao walikuwa familia za Kihindi za Upanga na mjini, na Wazungu wa Oysterbay. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, familia nyingi za Kihindi ziliondoka, nyingine Kanada, nyingine Uingereza, na mikanda ikaenda nao masandukuni. Sasa wajukuu wanaihamisha na kuiweka YouTube, nami nimekesha usiku mwingi nikiitazama. Jumapili jioni Oysterbay, magari yameegeshwa yanatazama bahari, watu wamekaa juu ya boneti wanakula mihogo. Drive-in ya Msasani, iliyofunguliwa 1966, pale ambapo leo upo ubalozi wa Marekani. Mtaa wa Samora kabla haujapewa jina la Samora, sanamu ya Askari ikiwa imezungukwa na magari yasiyofika kumi. Rangi za mikanda ile zina ukali fulani, nyekundu ya kupita kiasi na bahari kijani, na kwa kuwa mingi haina sauti, mji unaonekana kama unaota.

Ni mizuri, na najua wanaoitunza wanaitazama kwa machozi. Huu ni mji wao pia, walizaliwa humu. Lakini roli moja la Super 8 lilichukua dakika tatu na kitu tu, na lilikuwa ghali. Mtu alichagua. Aliwasha kamera penye uzuri, akaizima haraka. Katika mkanda mmoja wa sherehe ya kuzaliwa, kwenye bustani ya nyumba ya Upanga, kuna yaya amembeba mtoto mwenye sherehe. Aliyepiga alimtaka mtoto, kwa hiyo yaya amekatwa shingoni. Unaona khanga yake, unaona mikono yake ikimweka sawa mtoto ili uso wake uelekee kamera. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi nikitamani kamera inyanyuke kidogo tu. Hainyanyuki. Mwanamke huyo alikuwa mkazi wa Dar es Salaam kama wengine wote waliokuwa bustanini, pengine alikuwa akirudi jioni mtaa wa jirani na kwetu, na kilichobaki kwake katika picha ni mikono.

Kanda ya VHS ilibadilisha hilo kwa sababu moja ya kawaida sana: ilikuwa ndefu. Kaseti moja ilichukua saa tatu nzima. Mpiga video hakuwa na haja ya kubana, akaacha kamera ikaenda, na watu ambao hakuna aliyekuwa amewachagua wakaingia wazima, kichwa mpaka miguu. Yule wa baiskeli ya mkaa hakulipiwa aonekane. Yumo, na tabasamu lake limo.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba tunaupamba mji wa zamani, kwamba tumesahau foleni za sukari, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ndoo zilizolala bombani usiku kucha. Sijasahau: za sukari nilisimuliwa, za bombani nilitumwa mwenyewe. Na ni kweli kwamba mkanda wa harusi unadanganya kwa namna yake: kila mtu amevaa nguo yake bora, nyingine za kuazima, na njaa ya wiki iliyopita haionekani kwenye uso uliopakwa poda. Lakini mtazame pembeni. Zile ndoo zimo, zimepangwa mstari nyuma ya bega la mpambe. Paa la bati lenye kutu limo. Anayetazama katikati tu ndiye anayedanganywa.

Sensa ya 1988 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu wapatao milioni 1.36. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Maana yake wengi mno wa wakazi wa leo hawakuuona mji ule kabisa, wengine hawakuwa wamezaliwa, wengine walikuwa bado Tabora au Songea. Kwao Magomeni ni kituo cha basi. Siwalaumu. Lakini nikiwaonyesha vijana wa ofisini kwetu zile dakika 11, hawaulizi chochote kuhusu harusi. Wanauliza: mbona wanapungiana mikono, wanajuana wote? Mmoja akauliza kile kivuli kikubwa barabarani kimetoka wapi, nikamwonyesha mwembe. Akaomba apige picha ya skrini ampelekee mama yake.

Sasa nirudi kwenye mikanda, kwa sababu muda unatubana. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na ukungu mweupe huota pembeni ya utepe kama unga. Ukiuona, usiitumbukize kaseti kwenye deki. Utachafua vichwa vya deki na huenda utepe ukakatika. Mpelekee anayejua kuusafisha kwanza. Kaseti isimame kama kitabu kabatini, isilazwe, na isikae juu ya friji wala karibu na spika. Deki zenyewe zinakwisha: kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016, kwa hiyo tunategemea mashine kuukuu na mafundi wachache wanaozinusuru kwa spea za mashine nyingine zilizokufa. Mkanda ukishahamishwa kwenye flashi usiutupe. Flashi ni nyepesi kupotea, na kesho anaweza kutokea mtu mwenye mashine bora zaidi.

Na mwambie fundi asikate. Hata chenga, hata ile mistari inayokimbia mwanzoni, aache. Ningefurahi sana siku moja Jiji letu likitenga chumba kimoja chenye kiyoyozi, watu wapeleke mikanda yao ya harusi, ya ubatizo, ya maulidi, inakiliwe yote na wenyewe warudishiwe, ili anayetaka kujua Ilala au Temeke ya 1990 ilikuwaje asiishie kutazama magwaride. Nipo tayari kuwa wa kwanza kupeleka wa kwetu.

Sehemu ya pili, ile aliyosahau kuzima kamera, ni dakika nne. Aliiweka juu ya stuli ukumbini mwa nyumba yetu, akaenda kula. Kamera inatazama kwa urefu wa magoti: sakafu ya saruji iliyopasuka, mwanga wa uani mwisho wa ukumbi, miguu inapita. Pindo la khanga, pindo lingine, viatu vya kisigino vinatembea kwa uangalifu kama vya kuazima. Kuku anaingia, anafukuzwa na mguu. Redio inasoma taarifa ya habari. Hakuna uso hata mmoja.

Kisha anasikika bibi, mama yake mama. Alifariki 1996, na hatuna sauti yake mahali pengine popote. Yuko uani, haonekani, na anauliza kwa ule ukali wake wa siku za shughuli: "Nani kachukua kibao cha mbuzi? Nilikiacha hapa." Hakuna anayemjibu. Anauliza tena. Miguu inaendelea kupita.

Nilimwekea mama mkanda huo Jumamosi iliyopita. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, ungo mapajani. Msafara aliutazama kwa furaha, akawataja watu mmoja mmoja. Ilipofika sehemu ya stuli, mikono ikasimama juu ya ungo. Bibi akauliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili.

"Walikiazima wale wa chumba cha uani, mama," akasema, macho yako kwenye televisheni. Kisha akaniomba nirudishe nyuma.