Ratiba ya Shemeji

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mtu wa ratiba. Akialikwa harusini, anataka kujua hotuba ya mwisho inaisha saa ngapi. Kwa hiyo alipotangaza kwamba kiangazi hiki familia nzima itakwenda kupiga kafi kwenye ziwa la milimani, nilijua tutaona makaratasi kabla ya kuona maji.

Makaratasi yakaja. Karatasi ya nani anabeba nini, karatasi ya nani anakaa mbele na nani nyuma, karatasi ya vipuri. Nyingine ilikuwa na kichwa kimoja tu, UPEPO, na sina budi kusema ilikuwa nzuri kuliko zote. Ilieleza kwamba asubuhi ziwa la milimani hutulia, lakini jua likishapanda, miteremko hupata joto, hewa iliyo juu yake hupaa, na hewa ya bondeni hukimbilia kushika nafasi. Ndiyo maana mchana upepo huanza kuvuma kuelekea juu, mawimbi yakaamka, na jioni pengine radi zikafuata. Hitimisho lilipigiwa mstari mara mbili: saa tatu asubuhi tuwe majini, saa tano na nusu tuwe nchi kavu.

Ya BARIDI alitukaririsha. Ziwa linalolishwa na theluji halijui kama ni kiangazi. Ukitumbukia, dakika ya kwanza pumzi inakukatika, kazi yako ni kuituliza tu. Dakika kumi hivi zinazofuata mikono bado inakutii, zitumie kujitoa. Baada ya hapo una kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Moja, kumi, moja. Mwanangu mdogo alikuwa akiimba hayo bafuni, mlango umefungwa, maji ya moto yanamwagika.

Jaketi okozi tulizijaribu kwa mama mkwe, barazani. Unavaa, unafunga vifungo vyote, halafu mwenzako anakunyanyua kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, halikufai. Shemeji alitunyanyua mmoja mmoja. Alimnyanyua na mama mkwe, ambaye hakuwa anakwenda popote.

Hayo yote niliyavumilia. Nililoona limezidi ni suala la vipimo. Shemeji alikuwa amesoma kwamba Wainuit, wenyeji wa Aktiki waliobuni kayaki, mitumbwi myembamba ya kupiga kafi, na kuzivika ngozi ya sili, walimtengenezea mtu chombo kwa vipimo vya mwili wake: urefu ni mara tatu ya mikono iliyonyooshwa, upana ni nyonga na ngumi mbili. Basi akanipima nyonga mbele ya mama yake. Akaongeza ngumi, moja huku, moja kule, akaandika. Kisha akaenda kununua kayaki ya kujaza upepo, ya watu wawili, inayouzwa kwa saizi moja duniani kote.

Kilikuwa chombo kizuri, niseme ukweli. Mbavu mbili nene za hewa, sakafu ya hewa katikati. Ndani ya kila ubavu mna kibofu cha plastiki, nje kuna gamba la kitambaa kigumu lenye zipu ndefu. Kibofu kikipata hitilafu unafungua zipu, unatoa, unaweka kingine. Shemeji alinunua kibofu cha akiba siku hiyohiyo.

Tatizo lilikuwa muda. Kuijaza kwa pampu ya mguu kulimtoa jasho, na jasho hilo halikuwa na nafasi kati ya kufika ziwani na saa tatu asubuhi. Usiku akapata wazo, asubuhi akatuletea kwenye karatasi: tuijaze hapa hapa, jioni, ikaze vizuri, tuifunge juu ya gari. “Tutafika, tutashusha, tutaelea.”

Binti yangu, ambaye mwaka huu ameanza kuipenda fizikia, aliinua mkono kama yuko darasani. “Mjomba, kule juu hewa si nyepesi?”

“Ndiyo maana,” akasema shemeji, “tunabeba ya huku chini.”

Tukacheka wote. Lilikuwa jibu zuri sana.

Tuliondoka gizani. Kutoka tambarare tunakoishi hadi ziwani ni kupanda tu, kona baada ya kona, na juu ya paa kayaki imetulia kwenye mikanda yake. Saa moja na kitu, huko nyuma, mwanangu mdogo akasema, “Mjomba, biskuti zimevimba.” Pakiti kweli ilikuwa imejaa, imekaza hadi mikunjo imepotea. Mjomba akasema ni joto. Mbele kidogo tukaanza kusikia mluzi mwembamba juu ya vichwa vyetu. Mjomba akasema ni upepo kwenye mikanda. Baadaye tuligundua ilikuwa sakafu ya kayaki: ina valvu ya usalama inayojitoa pumzi yenyewe presha ikizidi. Waliotengeneza chombo waliipa sakafu valvu hiyo. Mbavu hawakuzipa.

Mlipuko ulitokea kwenye kona yenye mandhari nzuri, ambapo watu walikuwa wamesimamisha magari wapige picha. Sijawahi kuona watalii wakilala chini kwa pamoja namna ile. Mke wangu, aliyekuwa anaendesha, alisimama, akashuka bila neno, akakagua matairi yote manne, kisha akafungua nyuma akakagua na la akiba. Ndipo akainua macho. Zipu ya ubavu wa kushoto ilikuwa imepasuka nusu mita, na kibofu kilichochanika kinaning’inia mbele ya kioo kama utumbo wa mbuzi machinjioni.

Binti alieleza pale pale kando ya barabara, kwa sauti ya mtu aliyesubiri kuulizwa tangu juzi. Sheria ya Boyle, ya mwaka 1662: hewa ikipunguziwa mkandamizo wa nje, hutanuka. Kule chini hewa ya nje inakandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kama kilo moja. Hapa tulipo, mita 2,400 hivi, robo ya uzito huo haipo. Kayaki ilijazwa kwa presha ndogo tu, kama gramu 150 juu ya hewa ya nje. Ukiondoa gramu 250 kwa nje, ndani hakujapungua kitu. “Kwa hiyo mjomba, ubavu umebeba zaidi ya mara mbili. Na ule wa kulia nao—”

Hakumaliza. Shemeji alikuwa ameshaparamia paa la gari. Alifungua valvu ya kulia, akafungua ya sakafu, kayaki ikashusha pumzi ndefu juu yetu, ikalala kwenye kioo cha mbele. Hatari imekwisha. Akashuka anatabasamu, akaingiza mkono kwenye begi la vipuri, akatoa kibofu cha akiba, akakiinua juu watalii wakione.

“Ndiyo maana ya kupanga,” akasema.

“Hongera, kaka,” akasema mke wangu. “Pampu iko wapi?”

Pampu ilikatwa kwenye orodha. Niliiona mwenyewe ile karatasi: kayaki iliyokwisha kujazwa haihitaji pampu, uzito umeokolewa kilo mbili.

Tulifika ziwani saa tatu kamili, kama ilivyoandikwa. Maji ya buluu iliyochanganyika na kijani, rangi inayotokana na unga wa mawe unaosagwa na barafu huko juu, hayatikisiki hata kidogo. Tukakaa ufukweni, tukaanza kupuliza kwa mdomo.

Sikushauri. Kwenye mwinuko ule, hewa unayoitafuta kwa ajili ya mapafu yako ndiyo hiyohiyo unayoigawa. Shemeji alipuliza mfululizo hadi akaanza kumwita mke wangu kwa jina la shangazi yao. Tukaweka zamu. Zamu yangu iliisha naona nyota mchana kweupe, nikamkabidhi binti, naye akampa mama yake, huku mdogo akihesabu pumzi kwa sauti na kukosea kila akifika arobaini. Watu walishusha kayaki zao, wakaenda, wakarudi, wakafungasha. Mzee mmoja alitutazama kwa muda, akauliza kama tunafanya mashindano.

Kayaki ilisimama, laini laini lakini imesimama, saa sita kasoro. Shemeji akaangalia karatasi. Kwa mujibu wa ratiba, saa hizi tunatakiwa tuwe nchi kavu. Na tulikuwa nchi kavu. Nilimpongeza, hakupenda.

Akasema atazungukia ukingoni tu, dakika chache. Akaisukuma majini hadi ikaelea, akafunga kwenye pete yake begi lisilopitisha maji, ndani mkiwa na simu, miwani na makaratasi yote, akampa mdogo kamba. “Ishikilie vizuri,” akamwambia, akarudi garini kuchukua makafi.

Mama yake mtoto akaita, “Njoo uvae sweta!”

Mtoto wangu ana adabu. Mama akiita, anakwenda.

Upepo ulikuwa umeamka kama karatasi ilivyosema, dakika ile ile. Kayaki ya hewa isiyo na mtu haina uzito wa maana na haishiki maji, inakaa juu tu. Iligeuka taratibu, ikatuonyesha mgongo, ikaondoka. Shemeji aliingia majini hadi magotini, baridi ikamkumbusha moja, kumi, moja, akatoka. Tukasimama tukiitazama inakata ziwa lote katika njia ileile aliyoichora kwa kalamu nyekundu.

Ng’ambo, boti ya mlinzi wa ziwa ikaifuata. Tulipunga mikono, akatupungia. Kisha tukamwona anaizunguka, anasimama, anachungulia majini, anaizunguka tena. Hapo ndipo shemeji alipopauka. Kayaki tupu inayoelea na begi la mtu, kwa mlinzi yeyote, ni mtu aliyezama. Kwa ajili hiyo hasa huandikwa namba ya simu ubavuni. Shemeji alikuwa ameandika, kwa wino usiofutika: namba yake, na chini yake namba ya pili ya dharura.

Namba ya kwanza ililia ndani ya begi, mikononi mwa mlinzi mwenyewe.

Ya pili ilikuwa ya mama mkwe. Dakika mbili baadaye simu ya mke wangu ikaita, sauti ya mama mkwe ikasikika bila hata kuwekwa spika.

“Kuna mtu kanipigia, anasema mwanangu hayupo kwenye mtumbwi!”

“Hayupo, mama. Yupo hapa.”

“Mpe simu.”

Shemeji akaipokea kwa mikono miwili. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umezama?”

“Hapana, mama. Sijapanda bado.”

Kimya. Kisha akauliza, taratibu, “Sasa hii pampu mliyoniachia barazani nimejikwaa nayo asubuhi, ni ya nini?”