Nilivyomfanya dereva kuwa mkurugenzi kwa asubuhi nzima

Mhasibu wetu ameshaisambaza habari hii kwenye magrupu matatu, likiwemo la kikoba, na katika toleo lake mimi nilizimia. Sasa acheni niseme mwenyewe. Sikuzimia. Nilikaa chini. Kwamba pale nilipokaa hapakuwa na kiti ni suala jingine.

Wanaonifuata hapa mnakumbuka wiki iliyopita nilivyokuwa najigamba: nahamisha imeili za ofisi nzima kwenda kwa mtoa huduma mpya, visanduku 43, peke yangu, wikiendi moja. Kuna mtu aliniandikia "kila la heri fundi" nikamjibu na kiemoji cha miwani myeusi. Naomba akifute.

Ila kabla hamjacheka, nisikilizeni kwanza yale niliyofanya vizuri, maana yapo, na yalikuwa magumu.

Jumatano niliteremsha TTL (muda ambao seva nyingine zinakariri jibu kabla ya kuuliza tena) ya rekodi ya MX, ile inayosema barua zetu zipelekwe seva gani, kutoka 86400 hadi 300. Hizo ni sekunde. Ya kwanza ni siku nzima, maana yake ukibadilisha MX leo, kuna seva zitaendelea kupeleka barua nyumba ya zamani mpaka kesho. Ya pili ni dakika tano. Na unaiteremsha mapema, angalau siku moja kabla, kwa sababu seva zilizokwisha kukariri ile ya siku nzima hazirudi kuuliza mpaka siku yao iishe. SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu, nikaiunganisha ikawa rekodi moja yenye seva za zamani na mpya kwa pamoja. Ukiweka mbili, anayepokea anaona kosa na zote mbili zinakuwa hazina maana. DKIM, sahihi ya kidijitali kwenye barua tunazotuma, nikaiweka, nikaipima, ikapita. Jumapili baada ya kubadilisha MX nikakumbuka hata ile swichi ya kwenye paneli ya seva ya zamani inayosahauliwa na kila mtu, ya kuiambia kwamba imeili za kikoa hiki (lile jina linalofuata @) hazikai kwake tena. Usipoigusa, fomu ya mawasiliano ya tovuti yako inaendelea kudondosha ujumbe kwenye kisanduku ambacho hakuna anayekifungua, na utajua siku mtu atakapokuja getini kugomba kwamba ameandika mara nne hajajibiwa.

Mnaona? Mtu anayejua hayo yote. Mtu huyohuyo akauawa na Excel.

Ilikuwa hivi. Kuhamisha barua zenyewe nilitumia imapsync, programu inayoingia kwenye kisanduku cha zamani, inaingia na kwenye kipya, inanakili folda kwa folda. Ukiwa na watu wengi unaitengenezea faili lenye mstari mmoja kwa kila mtu, na kila mstari una vitu vinne: anwani ya zamani, nywila yake, anwani mpya, nywila yake. Nikaandaa kwenye Excel. Safu A na B za zamani, C na D za mpya.

Sasa, zamani anwani zetu zilikuwa za vyeo: mkurugenzi@, mapokezi@, dereva1@, tehama@, huyo wa mwisho ndiye mimi. Mama Mkurugenzi akasema safari hii watu watumie majina ya ukoo, maana watu si vyeo. Wazo zuri kabisa, sina ugomvi nalo. Nikajaza majina mapya mstari kwa mstari, kila mtu na lake. Saa nne ya usiku wa Ijumaa, kazi imekwisha, natazama safu C naona majina yamechanganyika: la M juu ya la B, la K chini ya la S. Hayakunipendeza machoni. Nikachagua safu C na D, nikazipanga kwa alfabeti.

C na D tu.

Waliokwisha kuelewa, subirini wenzenu.

A na B zilibaki zilivyokuwa. C na D zikajipanga upya kwa majina ya ukoo. Ikawa kila barua imeolewa nyumba isiyo yake. Na uchungu wenyewe uko hapa: ningepanga safu C peke yake, nywila zisingelingana na anwani, programu ingegoma kuingia mara 42, nami ningegundua palepale nikanywa maji nikalala. Lakini nilihamisha anwani pamoja na nywila yake, kwa uangalifu mkubwa. Kwa hiyo kila kuingia kulifanikiwa. Ningekuwa mzembe zaidi kidogo ningeokoka.

Na nilifanya majaribio, msiseme sikufanya. Nilianza na --justlogin, inayojaribu kuingia bila kunakili chochote: 43 kwa 43. Kisha nikahamisha mstari wa kwanza peke yake nikaenda kuufungua nione. Mstari wa kwanza ni admin@, anwani isiyo na mwenyewe, ambayo kwa hiyo haikubadilishwa jina, na kwa alfabeti inakaa juu kabisa kwenye orodha ya vyeo na pia kwenye orodha ya majina. Mstari mmoja tu kati ya 43 ulikuwa sahihi, na ndio huo niliouchagua.

Ikatembea kuanzia Ijumaa usiku. Jumamosi mchana umeme ukakatika, ukarudi, nikaiwasha tena ikaendelea ilipoishia, maana inalinganisha vichwa vya barua na kuruka zilizokwisha kufika. Jumapili alfajiri, makosa 0. Idadi ya barua zilizotoka sawasawa na zilizofika. Bila shaka ziwe sawa! Zilifika zote. Sikuuliza zimefika kwa nani. Kisanduku changu mwenyewe sikukifungua, mganga hajigangi.

Jumatatu saa moja na nusu niligawa bahasha zenye anwani na nywila mpya. Watu wakaweka kwenye simu palepale, hata dereva na Mama Chai, kwa sababu siku hizi hati za mshahara zinakwenda kwa imeili kwa kila mtu. Saa mbili, mkutano wa wafanyakazi. Mama Mkurugenzi akasema badala ya mimi kueleza, yeye atafungua kisanduku chake kwenye projekta ili wote tuone jinsi ilivyo rahisi.

Nilifurahi. Naomba mlishike hilo. Nilisimama pembeni ya ukuta nimefumbata mikono kama baba wa bibi harusi.

Akaandika nywila kwa kidole kimoja. Herufi kubwa akaikosea, akafuta, akaanza upya. Projekta yetu ya zamani inachukua muda kuonyesha, kwa hiyo kwanza ukaja mwanga mweupe, halafu mistari, halafu maneno yakiwa na ukungu, mtu wa mapokezi akasogea kurekebisha lenzi. Juu kabisa ujumbe wangu wa kumkaribisha. Chini yake barua ya Alhamisi, kichwa chake: "Majibu ya maombi yako ya kazi."

Nilikijua kile kichwa cha barua. Nilikuwa nimekisoma Alhamisi, mara sita.

Bado akili yangu ilikataa. Nikajiambia labda na yeye anatafuta kazi. Binadamu ana njia nyingi za kujifariji.

"Mimi sijaomba kazi," akasema, watu wakacheka. Kisha akatugeukia na ile sauti yake ya kufundisha. "Mnaona sasa? Hizi ndizo zile imeili za matapeli alizotufundisha kijana wetu mwezi uliopita. Tuifungue tuzitafute dalili."

Nikasema, "Mama, ni vizuri zaidi tusiifungue." Ndivyo nilivyofundisha kweli, usifungue. Akasema, "Si nawe upo hapa?" Akabonyeza.

"Dalili ya kwanza," akaanza, ameshusha miwani, "salamu ya jumla isiyokutaja jina. Hapa wameandika: Ndugu..."

Akalisoma jina langu. Jina la kwanza kwa sauti ya kawaida. La ukoo kwa sauti ya mtu anayeshuka ngazi gizani.

Feni ikawa inasikika. Nilikuwa sijawahi kujua feni ile ina mlio.

Angeweza kufunga. Lakini mkono wake ulikuwa bado kwenye gurudumu la kipanya, ukurasa ukaendelea kushuka wenyewe, polepole, ukapita "tunasikitika kukujulisha," ukapita "tulipokea waombaji wengi wenye sifa," ukafika chini ambako barua yangu ya maombi ilikuwa imenukuliwa yote, kwa maandishi ambayo ukutani yalikuwa na urefu wa kiganja. "Mazingira ya ninapofanya kazi sasa hayanipi nafasi ya kukua." Hiyo ikakaa pale sekunde kadhaa. Halafu hii, na msaidizi wa miradi akaisoma kwa sauti, Mungu anamwona: "Mimi ni mtu makini sana katika utunzaji wa taarifa."

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Kwa hiyo ofisi nzima, kwa pumzi moja, ilijua kwamba natafuta kazi na kwamba nimekosa. Moja ningeivumilia.

Wakati huohuo simu zikaanza kutetemeka mezani, na nyuso kubadilika moja baada ya nyingine, kila mtu akiangalia chini kisha akimtazama mtu mwingine. Kisanduku cha rasilimali watu kilikuwa kimetua kwa Mama Chai. Ameikuta barua yake ya onyo, rasimu ambayo haijatumwa, akaisoma yote, na akaijibu. Majibu mazuri, nimeambiwa, yenye vifungu. Mtu wa mapokezi alipata kisanduku cha mhasibu, na hapa ndipo mjue kwa nini mhasibu ndiye anayecheka kuliko wote. Miaka miwili namwomba aache POP3, ahamie IMAP, njia inayoziacha barua zikae kwenye seva. POP3 inashusha barua kwenye kompyuta yake, na Outlook yake ilikuwa inaziacha kwenye seva siku 14 tu kisha inazifuta. Miaka yote ya masurufu yasiyorejeshwa na majina ya wadaiwa imo kwenye faili la PST, ghala la barua la Outlook, ndani ya mashine yake, ambalo nilipanga kuliingiza kwa mkono Jumanne. Mtu wa mapokezi alikuta wiki mbili za ankara za maji. Mbishi wangu mkubwa ndiye pekee aliyesalimika, na sitamsikia akinyamaza mpaka nistaafu.

Marekebisho nitayasema kwa ufupi kwa sababu hayachekeshi. Niliwatoa wote kwa kubadilisha nywila zote 43 kwa mpigo. imapsync ina chaguo la --delete2, linalofuta upande wa mpya kila kisichokuwepo upande wa zamani. Nilikuwa nimeshaliandika, kidole kiko juu ya Enter, ndipo nikakumbuka kwamba barua zilizoingia tangu Jumapili nazo hazipo upande wa zamani. Zingekwenda na maji. Nikautoa mkono kwenye kibodi nikatembea mpaka getini na kurudi. Kwa bahati barua zinahamishwa na tarehe zake za asili, kwa hiyo za kabla ya Jumapili nilizifuta, za baada yake nikaziweka folda ya kando, za Jumapili yenyewe nikazipitia moja moja. Seva ya zamani ilikuwa bado ipo kamili, kwa kuwa mkataba nimeuacha uishe mwezi ujao, na hilo ndilo jambo pekee Mama Mkurugenzi alilonipongeza. Orodha niliiandaa upya, nikaifungia kwenye faili lisiloruhusu kubadilishwa, na nikafungua kisanduku cha kwanza, cha katikati na cha mwisho kabla ya kuendelea. Jumatano usiku kila mtu alikuwa na barua zake.

Mama hajaniita ofisini bado. Ananisalimia tu, "Habari za leo, ndugu mwombaji."

Kisha dereva. Kisanduku cha Mama Mkurugenzi kilikwenda kwake, barua zaidi ya elfu kumi, na yeye ni mtu mwenye heshima, akiandikiwa anajibu. Kulikuwa na barua ya mfadhili ya Ijumaa jioni, anaomba waongee kwa simu Jumatatu saa nne asubuhi kuhusu bajeti ya awamu ya pili. Mzee wa watu akaona ni yake. Akajibu akiwa kwenye mkutano huohuo, kabla sijakaa chini: "Saa nne nitakuwa njiani Kilosa kupeleka pampu. Labda jioni. Bajeti niachie, nitaangalia na mafuta."

Mfadhili akajibu baada ya dakika kumi. Amekubali jioni.